Mpangaji wa Kabatini

Kompyuta ilipohamia katika kabati la Koko Hadidja, koko maana yake bibi, pale Tanambao, Mahajanga, Madagaska, iliwakuta wenyeji wake: masufuria matatu ya harusi, mkeka mpya uliofungwa kamba, pasi iliyokufa zamani, na tari. Tari ilikaa rafu ya juu kabisa, imefunikwa kanga, maana ndiyo iliyokuwa na cheo.

Haikuwa kompyuta ya kujivunia. Binti yake Hayrat, mwalimu wa shule, alikuwa ameibeba mgongoni miaka minane, mpaka kioo kikapasuka kona hadi kona na herufi nne zikang'oka. Alitaka kuitupa. Baba yake, Mzee Madi, fundi redio mstaafu, akaipokea kwa mikono miwili kama anapewa mtoto.

"Taa yake bado inawaka," alisema. "Kitu chenye taa hakizikwi."

Mzee Madi alikuwa na kazi nayo. Mwaka 1979 mtu mmoja alimletea rekoda ya kaseti aitengeneze, akasafiri, asirudi tena. Madi alimngoja miezi miwili, kisha akaanza kurekodi tari za harusi, na hakuacha. Kaseti zilifika mia moja na kumi na saba, ndani ya maboksi ya sabuni chini ya kitanda, na ukungu ulikuwa umeanza kuzila. Basi akafuta kila kilichokuwa ndani ya kompyuta, akaweka mfumo mwingine ambao watu wanagawa bure, akachomeka kibodi ya kuazima kwa ajili ya zile herufi zilizong'oka, akaunganisha waya kutoka kwenye rekoda. Miezi mitatu alikaa hivyo. Kaseti ya saa moja huingia kwa saa moja, hakuna mlango wa nyuma.

"Mama Hayrat, lete sikio," alimwambia mkewe ilipokwisha. "Hii sasa inaitwa seva. Ichukulie kama mtungi. Nyimbo zote zimo humu kabatini, na mwenye kikombe anateka. Kikombe ni simu."

"Na maji yanapita wapi?"

"Hewani. Kile kisanduku cha waifai pale juu ndicho kata."

Koko Hadidja alijaribu na simu yake, na kweli, akateka. Ilitoka sauti yake mwenyewe alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nyembamba, yenye haraka. Alisikiliza mpaka wali ukashika moto.

Tatizo moja tu. Hadidja hakuweza kuvumilia kitu kukaa wazi ndani ya kabati. Kilichoachwa wazi huingia mende. Kila alipopita aliifunika kompyuta, na kila alipoifunika muziki ulikata, naye Madi akatoka barazani, miwani juu ya paji la uso, kuuliza nani kaua. Siku ya kwanza ilikatwa mara tatu. Siku ya pili Madi akakaa nayo asubuhi nzima.

"Nimeiambia ukiifunika isilale," alisema.

"Kwani ilikuwa inalala?"

"Ilikuwa inadhani kazi imekwisha."

"Wangekuwekea na wewe hiyo, ya baada ya chakula cha mchana."

Akaweka na betri ya pikipiki kwa ajili ya kisanduku cha waifai, ili umeme ukikatika, kama ulivyozoea, nyimbo zisikatike. Kompyuta yenyewe ilikuwa na betri yake ya kuzaliwa. Mwisho akauliza neno la siri liwe nini, maana bila neno la siri kila apitaye njiani atateka. Hadidja alikuwa anahesabu sahani za harusi ya mjukuu wake, hakuinua hata macho.

"Baba Hayrat, wageni wanakuja kutoka Nosy Be. Wakifika tuwaambie waifai ipo lakini imefungwa? Hatuweki kufuli nyumba yenye harusi."

Madi akaandika jina, KARIBUNI KWA HADIDJA, akaacha wazi. Kumbukeni ni nani aliyetoa amri hiyo, kwa sababu mwenyewe baadaye alijitahidi sana kusahau.

Sasa, mambo ya tari. Katika ukoo wao na wa wakwe zao, alasiri moja kabla ya ndoa wanawake wa pande mbili hukaa uso kwa uso na kutupiana vitendawili kwa kuimba. Upande mmoja unatega, mapigo ya tari yanazunguka mara tatu, upande wa pili utoe jibu. Walioshindwa wanasugua masufuria yote ya harusi, na si masufuria ya kupikia chai. Lakini kiongozi wa kuimba ana hatari kubwa kuliko masizi: akishindwa harusi tatu mfululizo, anakabidhi tari kwa mwingine.

Koko Hadidja alikuwa ameshindwa mbili. Ya kwanza Antanimasaja, aliposahau ubeti katikati akaangalia dari kana kwamba umeandikwa kule. Ya pili mwaka uliopita, huko kisiwani Nosy Be, mbele ya Zoubeida, kiongozi wa kuimba wa kule. Hii ya mjukuu wake Nadjma ilikuwa ya tatu, na bwana harusi, Mchangama, ni mjukuu wa nani? Wa Zoubeida huyohuyo. Na tari ikitoka mikononi mwake itakwenda kwa mpwa wake Kouraichia, mwanamke mwema, mwenye moyo safi, anayepiga tari kama anayetwanga mpunga.

Wageni walifika wiki moja kabla. Walivuka kwa mashua hadi Ankify, wakaishika barabara siku mbili mpaka mifupa ikahama mahali pake, wanawake kumi na mmoja kwa jumla, Zoubeida mbele yao, mrefu, shingo wima, mkoba mkononi. Wakapewa nyumba ya mbele, ng'ambo ya ua. Chakula walikula kwa Hadidja, na waifai pia walikula kwa Hadidja.

Zoubeida aliwahi kuwa sauti ya pili ya Hadidja, kabla hajaolewa Nosy Be mwaka 1980. Tangu hapo hawakuimba tena upande mmoja. Walikumbatiana mlangoni, kila mmoja akimpima mwenzake mgongoni.

"Umenenepa, mkwe," alisema Zoubeida.

"Ni furaha. Nimesikia mnapenda kusugua masufuria."

"Tumekuja na kucha fupi, lakini za kupigia tari."

Hadidja alikuwa na kitendawili kipya, amekitunga mwenyewe, na wameshakifanyia mazoezi. *Nimempiga kichwani hadi akaingia ukutani. Hakununa, hakuhama, sasa ananishikia koti.* Jibu lake, msumari. Si kigumu kwa aliyetulia, lakini nani hutulia tari inapozunguka?

Siku ya tatu alikuwa anapepeta mchele uani, na msichana mmoja wa Nosy Be yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Maongezi ya jikoni yalikuwa ya kuchanganya kama siku zote, Kimalagasi kikibeba habari za soko na Kikomoro kikibeba umbeya. Kisha msichana akanyamaza, akaanza kuimba polepole, akifuatisha mkuno: nimempiga kichwani, krrr, hadi akaingia ukutani, krrr. Alipofika "hakuhama" akakohoa mara mbili, kavu, kisha akaendelea.

Ungo ulibaki hewani. Kouraichia ndiye aliyekohoa pale, mara mbili, kavu, siku ya mazoezi.

Hadidja alimkuta mumewe barazani.

"Baba Hayrat, mazoezi yetu yamefikaje Nosy Be?"

Madi alifikiri. "Nani alirekodi?"

"Kouraichia, kwenye simu yake. Husahau maneno."

"Basi ni sawasawa," alisema Madi, akionyesha uso wa mtu ambaye mashine yake imefaulu mtihani. "Simu zote za jamaa wa nyumba hii nimezipanga. Simu ikiingia tu mlangoni, inamwaga ilichorekodi ndani ya seva. Nilitaka wimbo wowote usipotee tena."

"Haujapotea. Umefika kwa kila mtu."

"Ungetaka neno la siri..."

"Usinikumbushe."

Zilipobaki siku mbili kabla ya tari, Hadidja alitunga kingine alfajiri, akamchukua Kouraichia na wanawake wengine wawili, wakajibana katika bajaji mpaka Belobaka, wakajifanya wanakwenda kutafuta mkaa. Huko, nyuma ya magunia ya mkaa, mbele ya mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye kigingi, wakajifunza: *Kapita mlango umefungwa, hodi hakupiga; kawaambia majirani wote leo tunapika nini.* Jibu, harufu ya vitunguu. Waliimba kwa kunong'ona. Mwuza mkaa alidhani wanasoma dua, akawapunguzia bei.

Asubuhi yake, kwenye chai na mkate wa sinia, Zoubeida alijifuta mdomo kwa utaratibu.

"Mkwe, mkaa wa Belobaka ni mzuri?"

"Ni mkaa."

"Na yule mbuzi? Ana sauti ya pili nzuri. Ningekuwa wewe ningemchukua harusini." Akanusa hewa. "Vitunguu hivi vya leo hata kwetu ng'ambo tumevisikia."

Hadidja alimgeukia Kouraichia. Kouraichia alikuwa anaangalia chai yake kwa umakini mkubwa.

"Ulirekodi tena."

"Shangazi, wewe ndiye uliyesema nisisahau."

Hapo Koko Hadidja akainuka, akaenda kabatini. Alikuwa ameamua kung'oa waya. Kama ni aibu, iwe aibu. Wageni wataambiwa seva imepata homa. Kompyuta ilikuwa wazi, Madi alikuwa anaihudumia asubuhi hiyo, na kioo kilichopasuka kilitoa mwanga wa bluu juu ya masufuria. Alishika waya.

Kutoka baraza ya ng'ambo ikaja sauti. Ilikuwa kaseti ya kwanza, ya 1979. Kupitia dirishani alimwona Zoubeida amekaa peke yake na simu karibu na sikio, ingawa sauti ilikuwa kubwa ya kutosha ua mzima. Wasichana wawili walipita.

"Huyu ni nani anayeimba, koko?"

"Huyu wa juu ni Hadidja. Huyu anayemshika asianguke ni mimi."

Hadidja alisikia hilo la kushikwa, akataka kujibu. Lakini mkono haukuvuta waya. Kunyang'anya mtu wimbo akiwa katikati yake ni kama kumwondolea sinia tonge likiwa mkononi, na hilo yeye hakuwahi kulifanya, hata kwa Zoubeida. Hasira zikatafuta pa kwenda. Akapiga mfuniko wa kompyuta, pa, ukafungika.

Giza kabatini. Kompyuta ikawa kimya, bapa, nyeusi, kama sinia lililosimamishwa ukutani. Na ng'ambo kule wimbo ukaendelea, haukuruka hata neno moja.

Koko Hadidja akasimama pale, mkono juu ya mfuniko uliokuwa na joto kidogo, kama paji la mtoto. Akatazama kile kitu. Akatazama dirishani. Kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka, peke yake, mdomo ameuziba na kanga.

Akatunga kitendawili cha tatu, na safari hii hakumwambia mtu. Wanawake wake walimfuata siku nzima wakiuliza mazoezi lini. "Hakuna mazoezi," aliwajibu. "Asiyejua hana cha kumwaga."

"Hata jibu hutuambii?" aliuliza Kouraichia.

"Wewe hasa."

Alasiri ya tari ua ulijaa. Mwamuzi alikuwa Koko Moinaecha, mkongwe kuliko wote, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki ameshika upawa; akiugonga kwenye sufuria mara moja, mmekosa, mara mbili, muda umekwisha. Upande wa Nosy Be ndio uliotega kwanza, na Hadidja akategua kabla tari haijamaliza mzunguko wa pili. Kisha ikawa zamu yake. Nadjma, bibi harusi, aliyekuwa amefichwa chumbani kama ilivyo desturi, alikuwa ametoa pua nje ya pazia.

Kule mbele Zoubeida alikaa ametulia. Ana msumari mfukoni, ana na vitunguu.

Hadidja akainua tari.

*Nina mpangaji kabatini, hali wali, hanywi chai.*
*Nimemfumba jicho na kinywa, nyimbo zake hazikatiki.*
*Taa za mtaa zikizimika, yeye ana zake tumboni.*
*Siri yangu nikimpa, anawagawia wageni.*

Waitikiaji wake walibaki wameduwaa. Walitakiwa kuitikia, na hawakujua waitikie nini.

"Jibu nini?" alinong'ona Kouraichia.

"Twanga tari yako," alisema Hadidja, na kwa mara ya kwanza utwangaji wa Kouraichia ukafaa, maana ulikuwa na kelele za kumzuia mtu kufikiri.

Nosy Be wakakusanya vichwa. Mzunguko wa kwanza ukapita.

"Jini," alisema mmoja wao.

Moinaecha akagonga upawa. "Katika nyumba hii jini hana nafasi. Kabati limejaa."

"Mtoto aliye tumboni."

"Tangu lini anaimba?" Upawa tena.

Mzunguko wa tatu ulikuwa unaelekea mwisho Zoubeida aliponyosha shingo. Alitabasamu. "Hafungui jicho, hafungi siri, na ana kelele nyumba nzima. Jibu ni mume wako. Ni Madi."

Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Hata Moinaecha aliushusha upawa, akafikiri kwa haki, na Hadidja akaona tari inayumba mikononi mwake, maana jibu lilikuwa karibu mno.

"Madi anakula wali," alisema Moinaecha hatimaye.

"Na kiporo pia," ilisema sauti ya Madi nyuma ya pazia, ambako hakutakiwa kuwapo.

Upawa ukagonga mara mbili.

Hadidja akaingia ndani, akarudi ameibeba kompyuta iliyofunikwa, waya ukiburuzika nyuma kama mkia, akaiweka juu ya mkeka. "Huyu hapa mpangaji wangu."

Zoubeida aliinama kuitazama. "Hiki kisinia? Hiki hakijaimba hata siku moja. Simu yangu ndiyo inaimba, na simu inatoa nyimbo kwenye mtandao, Paris huko, sijui wapi. Mwamuzi, ananidanganya."

Na Zoubeida mwenyewe aliamini hivyo kwa dhati. Wiki nzima alikuwa anateka bila kuuona mtungi.

Moinaecha, ambaye alikuwa hajui kompyuta wala Paris, alitaka ushahidi. Madi akaitwa rasmi, akaja amepata heshima yake. Simu ya Zoubeida ikawekwa juu ya sufuria, kaseti ya 1979 ikaimba. "Sasa," alisema Moinaecha, "mzime huyo mpangaji. Simu ikinyamaza, Hadidja ameshinda. Isiponyamaza, ameongopa, na tari itoke."

Madi akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikazimika. Kompyuta ikafa kabisa.

Simu ikaendelea kuimba.

Ubeti mmoja ukaisha. Wa pili ukaanza. Zoubeida akanyosha mkono polepole kuelekea kwenye tari. Kouraichia, masikini, akajifuta viganja kwenye nguo, tayari kupokea. Hadidja alimtazama mumewe kwa jicho la miaka arobaini ya ndoa.

"Ngojeni," alisema Madi, jasho limemtoka. "Simu huwa inameza tonge moja mbele. Imalize kutafuna."

"Litakuwa tonge gani hilo?" alisema Zoubeida. Vidole vyake vilikwisha gusa ngozi ya tari.

Katikati ya neno, simu ikakata.

Upawa wa Moinaecha ulitua juu ya sufuria, na safari hii aliugonga mara tatu, ingawa ya tatu haikuwa na maana yoyote katika sheria.

Siku iliyofuata baada ya chakula cha harusi, Zoubeida alikuwa uani, mikono imeingia masizi hadi kwenye viwiko, na wanawake wake kumi wamejipanga kwenye masufuria mengine. Hadidja aliketi karibu naye juu ya kigoda, tari mapajani. Madi alikuja na miwani yake kwenye paji la uso kusema seva imerudi kazini, na kwamba safari hii ameweka neno la siri, kwa amri ya mkewe.

"Ndivyo ulivyo," alisema Zoubeida bila kuinua kichwa. "Umeshinda, sasa unafunga mlango. Na nilikuwa nataka kuimaliza ile ya 1979."

"Sikufunga. Nimeweka kitendawili mlangoni. Twalikuwa wawili ndani ya sauti moja. Mmoja alivuka maji, sauti haikuvuka."

Zoubeida alisugua mara mbili, mara tatu. Kisha akajifuta kidole kimoja, akavuta simu kwenye mkoba, akaandika kaseti. Herufi zote zikabaki na doa jeusi. Zile sauti mbili zikaanza.

"Hicho ungenitega jana," alisema, "ningekuwa nimekalia kigoda hicho."

"Jana nilikuwa na haja ya tari."

"Ni kaseti?" aliuliza Kouraichia kwa sauti kutoka kwenye ngazi. "Neno lenyewe ni kaseti?" Na ua mzima ukasikia, na nyumba ya pili, na mwenye kupita njiani pia.

Madi akashusha pumzi. "Nibadilishe?"

"Acha," alisema Koko Hadidja. "Wageni bado wapo." Akainama kuangalia ndani ya sufuria kubwa, akapitisha kidole chini yake, akakinyanyua juani. "Mkwe, hapa pamebaki peusi."